Nyumba kuukuu ya vyumba Tabora: anza chini ya ukuta

Nyumba nyingi za kupangisha zinazouzwa Ng'ambo, Isevya na Kanyenye ni zile za korido katikati, vyumba vitatu au vinne kila upande, choo na jiko uani. Muuzaji atakuonyesha bati na rangi. Mimi huanza na futi mbili za chini za ukuta.

Rangi mpya iliyopakwa hapo tu ni dalili ya kwanza. Nyumba hizi mara nyingi ni za tofali mbichi, bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, na aliyepiga lipu ya saruji juu ya udongo ameyafungia humo: tofali linalainika kimyakimya, lipu inalia debe tupu ukiigonga. Bandua kipande cha kiganja, kwangua kwa ufunguo. Tofali likimwagika kama unga, piga hesabu ya kujenga ukuta, si ya kuuziba. Kagua kati ya Desemba na Machi mvua zikiwa zimekolea. Agosti kila ukuta ni mkavu.

Halafu mchwa. Huanzia miguu ya fremu za milango, hupanda ndani ya ukuta, humalizia kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Choma bisibisi kwenye fremu na pale kenchi inapokalia ukuta. Ikizama sentimita moja bila kusukuma, mbao imekwisha hata kama inang'aa. Ukiambiwa "tulishapiga dawa", uliza ilipigwaje. Ya kunyunyiza sakafuni haisaidii kitu. Inayofaa humwagwa kwenye mfereji uliochimbwa kuzunguka msingi. (Mwembe uliosogelea ukuta nao uangalie. Kivuli chake ni kitamu, majani yake yanaozea kwenye maungio ya bati.)

Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingia sarafu, ni msingi uliotitia. Nyufa nyembamba za lipu zisikunyime usingizi. Chooni shusha kamba yenye jiwe upime kina kilichobaki.

Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa si hati. Omba upekuzi ofisi ya ardhi ujue kama kuna rehani au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Nyumba ya urithi huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye anayeshika funguo. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, ridhaa ya mwenza iwe kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka.

Sasa hesabu, kwa mfano. Vyumba 8 kwa shilingi 40,000 kwa mwezi ni 3,840,000 kwa mwaka. Toa miezi miwili ya kila chumba kukaa kitupu, inabaki 3,200,000. Toa asilimia 15 ya matengenezo, 2,720,000, na kodi ya mapato bado. Ukinunua kwa milioni 30 na kukarabati kwa 8, fedha yako inarudi baada ya miaka 14 hivi. Dalali hukupigia hesabu kwa ile 3,840,000.

Na kodi ya wapangaji ya miezi sita ambayo muuzaji keshaipokea? Ikate kwenye bei. Andikeni chumba kwa chumba mwezi wa mwisho uliolipiwa, kila mpangaji atie sahihi kabla hujatoa hata shilingi.