Chumba cha kusomea cha shehia (mtaa au kijiji) Zanzibar: dhana na ukweli wake

Dhana: Lazima lipatikane jengo kwanza.

Ukweli: Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha kuanzia. Meza ya mita 2.4 inakaa watu wanane, wanne kila upande, kila mmoja na sentimita 60 zake. Kinachoua vyumba hivi ni ufunguo kukaa kwa mtu mmoja: akisafiri, pamefungwa, na msomaji akikuta kufuli mara mbili harudi tena. Ufunguo ushikwe na watu watatu, zamu zibandikwe mlangoni.

Dhana: Watu wetu hawapendi kusoma.

Ukweli: Tazameni kwanza saa za kufungua. Skuli ikiwa na mikondo miwili, watoto wa asubuhi wako huru mchana, wa mchana wako huru asubuhi, na alasiri watoto wengi wako chuoni (madrasa). Msimu wa karafuu Pemba, jioni nyumba nzima inachambua. Fungueni kuanzia saa 3 hadi 5 asubuhi kwa watoto wa mkondo wa mchana, na baada ya isha kwa watu wazima. Wekeni daftari la mahudhurio mwezi mmoja, kisha mpange upya.

Dhana: Vitabu vikishapangwa rafuni, kazi imekwisha.

Ukweli: Hapa ndipo hasara ilipo, nayo inaumiza kwa sababu inazuilika. Ukungu huota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70, na masika hali hiyo ni ya kawaida. Rafu ikiegemea ukuta wa mawe na chokaa, vitabu vya nyuma hunyonya maji ya ukuta. Acheni sentimita 10 nyuma ya rafu na 15 chini yake, na msivibane: kidole kipite. Jalada likitoa vidoa vyeupe kama unga, kipelekeni kitabu nje kivulini, kifuteni kwa kitambaa kikavu huku mmeziba pua. Kitambaa chenye maji huusambaza ukungu. Kila wiki pigeni tochi nyuma ya rafu ya chini. Mkiona kijia chembamba cha udongo ukutani, mchwa wameshafika.

Dhana: Umeme upo, taa ya sola ni anasa.

Ukweli: Umeme wa visiwani kwa sehemu kubwa hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Desemba 2009 ule wa Unguja ulipata hitilafu, na giza likakaa miezi mitatu. Taa mbili za sola juu ya meza zinatosha kuendeleza masomo ya usiku.