Je, wajua kwa nini usiku wa Uingereza huharibika watu wakishatoka baa?

Pita katikati ya mji wowote wa wastani Uingereza usiku wa kuamkia Jumapili, kama saa 8 hivi, utawaona. Wasichana wenye magauni ya kumeta wanatembea pekupeku, viatu vya visigino virefu wamevishika mkononi. Chini vimetapakaa vipande vya chupa. Nyuma yao wanakuja watu wazima wawili watatu, makoti yao yameandikwa jina la kikundi mgongoni, na mmoja amebeba begi. Ndani ya begi mna malapa. Naam, malapa haya haya ya kwendea bafuni. Mtu akitembea pekupeku kwenye vigae vya chupa, wanampa pea moja, wanamuuliza kama ana namna ya kufika nyumbani, kisha wanaendelea na doria.

Hao huitwa Street Pastors, wachungaji wa mitaani. Wengi wao ni waumini wa kawaida tu wanaojitolea. Kazi hiyo ilianzishwa London Januari 2003 na mchungaji Les Isaac, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua, ikasambaa hadi kwenye miji midogo ambayo mgeni hawezi kuionesha kwenye ramani. Begi lao lina maji, mablanketi membamba ya kung'aa, na pipi za kijiti. Nilipoisoma habari ya pipi mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaielewa. Hebu jaribu kumtukania mtu mama yake huku una pipi mdomoni.

Angalia lakini wanasimama wapi: nje. Hawakai kaunta kuhesabu nani kanywa glasi ya ngapi. Wanazungukia foleni ya teksi na mlango wa duka la kebabu, kwa sababu wanajua usiku huharibikia wapi.

Ndani ya baa kuna mhudumu, kuna baunsa mlangoni, kuna kamera, na kuna marafiki wa kukushika mkono. Taa zikiwashwa na watu wakiambiwa watoke, vyote hivyo vinabaki ndani. Sasa chukua barabara moja yenye baa kumi, maana miji mingi ya mkoani ina barabara moja tu ya starehe, na baa zote zifunge karibu kwa wakati mmoja. Mamia ya watu wanamwagwa kwenye lami kwa pamoja. Treni ya mwisho imeshaondoka. Teksi ni chache. Vyoo vya umma vimefungwa tangu jioni. Kila mtu ana njaa, na duka lenye chipsi moto ni moja au mawili. Watu wasiojuana, waliolewa, wenye baridi na kibofu kilichojaa, wanagombea vitu vichache walivyovitaka wote kwa wakati mmoja. Bega likigusa bega, chipsi zikamwagika, zogo limeanza. Kwa hiyo hesabu ya glasi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni saa ya ukutani.

Na hiyo saa ina historia yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, baa za Uingereza zilikuwa wazi karibu kutwa. Vita vilipoanza serikali ikaingiwa na hofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanakuja kazini wamelewa, au hawaji kabisa. Mwaka 1915 David Lloyd George, wakati huo Waziri wa Fedha, alisema Uingereza inapigana na Wajerumani, Waaustria na pombe, na kwamba kwa anavyoona yeye, adui mkubwa kati ya hao watatu ni pombe. Mwaka huo huo ikaundwa bodi ya kudhibiti biashara ya vileo. Saa za baa zikakatwa vipande viwili, mchana kidogo na jioni kidogo, na sehemu nyingi ofa ikapigwa marufuku. Kumnunulia mwenzako bia likawa kosa la jinai. Wanywaji watanisaidia hapa: kuna baa gani bila ofa?

Kichekesho kikubwa kilikuwa Carlisle, mji wa kaskazini karibu na mpaka wa Scotland. Jirani yake, huko Gretna, kilijengwa kiwanda kikubwa mno cha baruti, na maelfu ya vibarua wa ujenzi, wengi kutoka Ireland, wakafurika wakiwa na mshahara mfukoni na hawana pa kuutumia. Mji ukapata usiku ambao haujawahi kuuona. Serikali haikuishia kuongeza polisi. Mwaka 1916 ilinunua viwanda vya bia vya eneo hilo pamoja na baa zake, ikawa ndiyo mwenye baa. Mameneja walilipwa mshahara ule ule hata wasipouza pombe kabisa; nyongeza waliipata kwa kuuza chakula. Yaani ukienda Carlisle na kuagiza bia, serikali ya Mfalme ndiyo iliyoipika na ndiyo iliyokumiminia. Vita viliisha 1918, lakini mpango huo ukadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mimi naona hiki ni kipindi adimu ambacho Waingereza walimgusa muuzaji badala ya mnywaji, na mfukoni hasa, kwa hiyo sishangai kwamba wenye viwanda vya bia hawakutamani kiigwe.

Sehemu nyingine za nchi zilibaki na urithi wa saa. Baa ilifunga mchana, ikafunguliwa tena jioni, ikafunga saa 4 na nusu au saa 5 usiku kutegemea mahali. Mhudumu aligonga kengele ya oda ya mwisho, na sheria ikampa mteja dakika 10 za kumalizia glasi yake, zikaongezwa kuwa 20 mwaka 1988. Mtu akisikia kengele hufanya nini? Anaagiza mbili. Ndivyo Waingereza walivyojifunza kunywa kwa kufukuzana na saa, kisha kutoka wote kwa mkupuo.

Serikali ya Waziri Mkuu Tony Blair iliuona mtego huo na ikaamua kuutegua. Sheria mpya ya leseni ilipoanza kazi tarehe 24 Novemba 2005, saa ya lazima ya kufunga iliondolewa, na mamlaka ya kutoa leseni yakahamishwa kutoka kwa mahakimu kwenda kwa mabaraza ya miji. Hoja ilikuwa kwamba kila baa ikifunga kwa saa yake watu watatoka kwa mafungu, na taratibu watajifunza kunywa kama Waitaliano, glasi moja na mazungumzo marefu. Magazeti yalitabiri ulevi wa saa 24. Kilichotokea hakikufanana na utabiri wa upande wowote. Baa chache sana zilikesha. Nyingi ziliomba saa moja au mbili za ziada tu. Tathmini ya serikali ya mwaka 2008 ilikuta uhalifu haukulipuka, ila sehemu ya fujo ilikuwa imehamia kati ya saa 9 usiku na saa 12 alfajiri. Mtego ulikuwa umesogezwa mbele tu, na sasa unamkuta polisi akiwa kwenye saa za mwisho za zamu yake.

Kulikuwa pia na shimo ambalo sheria ya saa haikulifikia, nalo ni supamaketi. Pombe ya dukani ni rahisi kuliko ya baa, hivyo vijana hupasha kwanza nyumbani, kama wachezaji kabla ya mechi, na wanafika mjini saa 4 usiku wakiwa tayari wamechangamka. Mwenye baa anapata lawama ya pombe aliyouza mwingine. Scotland iliweka bei ya chini kabisa kwa kila kipimo cha kileo mwaka 2018, lakini England hadi leo haijafanya hivyo.

Na sheria ya kumkamata mlevi, je? Ipo, na ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1872 bado inafanya ulevi hadharani kuwa kosa, na inamtaja kwa upekee mtu anayekutwa amelewa huku akiongoza farasi, ng'ombe au injini ya mvuke. Tatizo ni kwamba ukitaka kuwakamata wote, mahabusu hazitatosha. Ndiyo maana watawala wamekuwa wakitafuta njia za mkato. Juni 2000 Blair alisimama mbele ya watu nchini Ujerumani akapendekeza kwamba mhuni wa usiku apelekwe na polisi hadi kwenye mashine ya kutolea pesa, alipe faini ya papo kwa papo, kwa mfano pauni 100. Haikupita wiki moja, mwanawe wa miaka 16 akakutwa amelala chini, kalewa, katikati ya London, akisherehekea kumaliza mitihani. Mashine ya pesa iliachwa, ila faini za papo kwa papo zilikuja kweli. Tangu 1999 kulikuwa pia na amri za mahakama zilizojulikana kama ASBO, zikilenga yeyote anayewasababishia wengine bughudha, hofu au dhiki. Vijana wengine walizigeuza nishani ya kujitapia mtaani. Sheria ya mwaka 2014 ikaziondoa na kuweka nyingine, zikiwemo zinazomruhusu polisi kumwambia mtu atoke katikati ya mji na asirudi kwa muda wa hadi saa 48.

Miji mingine ilijaribu kuchagua wageni wake. Newquay, mji wa pwani huko Cornwall, ulishakuwa kimbilio la sherehe za kumuaga kapera. Msomaji wa Tanzania anaijua send-off. Hii ni ya bwana harusi, haina shangazi wala mkwe, na nguo huwa chache. Baada ya vifo vya vijana walioanguka kutoka kwenye majabali mwaka 2009, wakazi waliandamana, na polisi, baraza na wenye biashara wakaungana. Hata lile vazi la kiume la kamba mbili linalositiri sehemu moja tu ya mwili likapigwa vita.

Lakini mji unaonivutia zaidi ni Cheltenham, kwa sababu haufanani kabisa na habari hizi. Ni mji wa majumba meupe ya kifahari, uliopata jina kwa maji yake ya tiba. Mfalme George wa Tatu alikwenda kuyanywa mwaka 1788. Kila Machi, kwa siku nne kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, unapokea mbio za farasi zinazovuta zaidi ya watu 200,000. Wengi ni wanaume, wanaanza kunywa mchana, na jioni wanashuka mjini wakiwa na suti na pesa za kamari, kwa wale waliobahatika kubaki nazo. Hapo ndipo klabu za wachezaji wanaovua nguo zinapojitokeza kwa muda, na ubishi wa kila mwaka unaanza.

Kwa sheria ya mwaka 2009 baraza la mji linaweza kuzipa klabu hizo leseni maalumu, kuweka idadi ya mwisho, hata kusema sifuri. Ingekuwa rahisi kama isingekuwa na mlango wa nyuma. Ukumbi unaofanya maonesho hayo mara zisizozidi 11 kwa mwaka, kila mara si zaidi ya saa 24, na pakiwa na mwezi mzima katikati, hauhitaji leseni hiyo kabisa. Kwa hiyo diwani anayekataa ombi la wiki ya mbio anajua kwamba ukumbi ule ule unaweza kufungua usiku mmoja kwa njia hiyo, bila masharti ambayo leseni ingeubana nayo. Wanaopinga, wakiwemo watu wa makanisa na vikundi vya wanawake, hujibu kwamba hilo si sababu ya kubariki, na kwamba wanawake wa mjini ndio wanaobadilisha njia ya kurudi nyumbani wiki hiyo. Wachezaji wenyewe nao wana sauti: huko Bristol, mwaka 2022, baraza lilipofikiria sifuri, walipinga wakisema wanatetea kazi zao, na pendekezo likaanguka. Mimi naona wanawake wa pande zote mbili wana hoja. Mlango wa nyuma ndio usio na mtetezi, na bado upo.

Cheltenham ilijaribu pia kuwatoza wanaouza pombe baada ya usiku wa manane, ili wachangie gharama za polisi. Ilianza 2014, kisha ikaachana na tozo hiyo. Wakati huo huo klabu za usiku za muziki na dansi zinapungua nchini: kwa hesabu za chama cha wafanyabiashara wa baa, kulikuwa na klabu 3,144 Uingereza mwaka 2005, na 1,733 miaka kumi baadaye. Kodi ya pango imepanda, na vijana wa sasa wanakunywa kidogo kuliko wazazi wao walivyokunywa.

Wanaume wa mbio za farasi, hata hivyo, bado wanakuja kila Machi, na baadhi yao hukojoa kwenye kuta za mji. Mwaka 2023 waandaaji na baraza wakaamua kuhangaika na kuta. Baadhi zilipakwa rangi maalumu isiyoshika maji, kiasi kwamba kinachomwagwa ukutani kinamrudia aliyekimwaga, suruali na viatu. Ndiyo ile adhabu ya papo kwa papo aliyoitamani Blair, na haihitaji polisi wala mashine ya pesa.