Homa ambayo kipimo hakiioni

Alikuja kliniki mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa bado zinaokotwa, akatoa mkobani pakiti tatu tupu za dawa mseto. "Dokta, malaria yangu imekuwa sugu." Ana miaka 49. Homa humjia usiku: joto huanzia kifuani, likapanda shingoni mpaka usoni, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka hadi kanga ikawa ya kukamua. Dakika chache baadaye anatafuta shuka kwa baridi. Kwa sisi wa Mtwara, nani asingesema malaria? Lakini katika mara zote tatu alitobolewa kidole mara moja tu, na vimelea havikuonekana. Dawa nyingine alinunua kwa mazoea.

Nikamuuliza kama siku zake anaziona. Akacheka. "Hizo nazo? Zinakuja zinapotaka."

Huku kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anachezwa unyago, anafundwa na kungwi mpaka aelewe. Sijakutana na kungwi anayefunda hedhi inavyoaga. Ndiyo maana mama mtu mzima anapigwa na jambo la maumbile akadhani ni mbu.

Ovari zinapochoka, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, kisha hupungua kabisa. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huizoea homoni hiyo. Homoni ikipungua, sehemu hiyo inakuwa na wahaka. Joto likiongezeka kidogo tu, ubongo unaamuru mishipa ya ngozi itanuke na jasho limwagike, kana kwamba nyumba inaungua. Kipimajoto ukikiweka kwapani, mara nyingi hakioni homa yoyote. Hali hii inaweza kuanza miaka kadhaa kabla damu haijakata, na kwa wengine ikaendelea miaka saba au zaidi. Tunasema hedhi imekoma mwanamke akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Ikikata kabla ya 40, usikae nyumbani, njoo tuchunguze.

Mengine husemwa kwa sauti ya chini: usingizi kukatika, hasira za ghafla, kusahau, uke kuwa mkavu na tendo kuuma. Yule mama alinong'ona kwamba mumewe ameanza kumshuku ana mwingine. Kwa ukavu kuna vilainishi, na kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo kiasi kidogo sana ndicho huingia kwenye damu.

Kwa fukuto lenyewe, yaani hilo joto la ghafla na jasho lake, tiba yenye nguvu zaidi ni homoni. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na kuweza kuleta saratani. Wengi waliziogopa tangu 2002, utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani ulipotangaza madhara ya homoni hizo. Lakini washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa aliye chini ya 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida mara nyingi hushinda hatari. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa simwandikii. Zipo dawa zisizo homoni, kama venlafaksini na gabapentini, na huku kusini si kila duka la dawa lina hizo za homoni.

Kabla ya yote nilimpima tena malaria, maana fukuto halimzuii mbu. Nikauliza kikohozi na kupungua uzito, kwa sababu kifua kikuu nacho hutoa jasho la usiku. Presha ikawa juu, tukaanza na hiyo. Nikamwambia pia asiache uzazi wa mpango, kwani hedhi inayoruka bado inaweza kuleta mimba. Alishika kichwa.

Mwezi uliofuata alirudi na dada yake wa miaka 57, ambaye damu ilikata miaka minne nyuma. Wiki hiyo ameona matone, na majirani wakampongeza kuwa ujana umerudi. Hapo nami sikucheka. Damu ikirudi baada ya kukoma, hata tone moja, hutafutwa chanzo chake, saratani ikiwemo. Dada mtu nilimwangalia mlango wa kizazi palepale, nikamwandikia utrasaundi ya siku hiyohiyo.