Mwakisiko na matabaka: maandishi yanayojiona majini

Kukicha, kabla upepo haujainuka, simama gatini Lamu utazame mashua zilizofungwa. Jina lililopakwa rangi ubavuni liko juu, na chini yake, majini, liko pacha wake: limepinduka, limefifia, linatikisika. Wengi wetu tunakiita kivuli. Lakini kivuli ni kile cha jua pia, na anayechora maandishi kwa programu akivichanganya viwili hivi, kazi yake haikai. Kivuli cha jua hakigeuzi herufi. Ni umbo lile lile limejaa weusi, limesogea kando. Cha majini kinageuza. Hiki nitakiita mwakisiko.

Kwa kompyuta, picha ni safu za nukta ziitwazo pikseli. Huhesabiwa kuanzia pembe ya juu kushoto, namba 0, zikienda kulia na kushuka chini. Kuakisi ni kuzipanga safu upya. Picha ikiwa na safu 100, ya 0 inahamia mahali pa 99, ya 1 mahali pa 98, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna pikseli inayobadilika rangi. Wala si kuizungusha picha nusu duara, maana hapo kushoto nako kungegeuka kulia.

Jaribu kwa neno KIBOKO, herufi kubwa. Lipindue juu chini: bado ni KIBOKO, kwa sababu K, I, B na O nusu yao ya juu inafanana na ya chini. Sasa andika OMO, ile sehemu ya mbele ya chombo. Kwenye kioo cha ukutani, kinachobadilishana kushoto na kulia, linabaki OMO. Majini linakuwa OWO. Vioo ni viwili basi, na amri ni mbili. Katika Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya Python, amri ya mirror ni ya kushoto na kulia. Anayetaka maji atumie flip.

Waandishi wa hati za Kiarabu wana mtindo wao wa siku nyingi, muthanna, ambao neno na pacha wake hukabiliana pande mbili za mstari mmoja. Uzuri wote unategemea mstari huo umepita wapi, na kwetu ni vivyo hivyo. Programu huweka maandishi ndani ya mstatili usioonekana, wenye nafasi ya mikia ya herufi kama j, g na y. Ukiupindua wote na kuubandika chini, mikia inagusana, na herufi zisizo na mkia zinabaki zikielea. Kama neno limesimama juu ya maji, tumia herufi kubwa na upitishe kioo pale zinapokanyaga. Kama liko ubavuni, shubiri mbili juu ya maji, mwakisiko nao uanze shubiri mbili chini ya usawa wa maji. Kosa hili naliona mara nyingi kuliko yote: neno limeinuliwa juu, mwakisiko umegandishwa miguuni pake.

Kisha matabaka. Kompyuta hupaka kama fundi rangi, la baadaye hufunika la kwanza. Mimi huanza na bahari, halafu mwakisiko, halafu mashua, kivuli cha jua, na neno lenyewe mwisho. Pikseli hubeba namba nne: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne inayosema inafunika kiasi gani, toka 0 isiyoonekana hadi 255 isiyopitisha kitu. Hesabu ya kuchanganya waliipanga Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984, na ni nyepesi. Chukua namba ya nyekundu peke yake: herufi nyeupe ina 255, bahari ina 55. Herufi ikifunika kwa asilimia 40, unapata 102 kutoka kwake na 33 kutoka baharini, jumla 135. Bahari inaonekana ndani ya neno.

Kufifisha ni kuipunguza namba ya nne safu kwa safu, tuseme 120 karibu na mashua hadi 0 chini. Kutikisa ni kuisogeza kila safu kidogo kushoto au kulia, kwa mdundo wa wimbi. Mawimbi yaliyo karibu na mtazamaji huonekana makubwa zaidi, kwa hivyo safu za juu zisogee pikseli 1, na zile za chini kabisa 4.