Ukocha wa daraja la tano Uingereza si lazima uwe wa ridhaa

Wengi huamini kwamba mshambuliaji wa madaraja ya chini nchini Uingereza, akistaafu na kwenda kufundisha nje ya madaraja manne ya juu yenye klabu 92, amerudi kwenye soka la ridhaa. Hata hivyo, klabu nyingi za daraja la tano huajiri wachezaji na makocha wa kudumu, na tangu 1987 bingwa wake hupanda moja kwa moja, mradi uwanja wake utimize masharti. Chini zaidi ndiko mazoezi hufanyika jioni, watu wakishatoka kazini, na hata huko wengi hulipwa. Mwenye shaka asome hesabu za mwaka za klabu husika, ambazo kampuni za huko huwasilisha kwenye daftari la umma linalosomwa mtandaoni bila malipo, aangalie hasa idadi ya waajiriwa.