Je, wajua kwa nini unga mweupe hugeuka bluu ukiingia kwenye chambo cheusi?

Nina kopo dogo la unga ambao ukiutazama utadhani ni poda ya mtoto. Nikiuchanganya kwenye plastiki laini nyeupe iliyoyeyuka, chambo bandia cha kuvulia samaki kinatoka cheupe, chenye mng'ao kidogo tu. Nikiutia kwenye plastiki nyeusi, unga uleule na kipimo kilekile, kinatoka na mgongo wa bluu, na ukikiinamisha juani ile bluu inasogea kuelekea zambarau. Mzee jirani yangu hapa Kigoma, mvuvi tangu enzi za karabai, alikigeuzageuza kiganjani akaniuliza, "Mwanangu, hii bluu umeinunua wapi?" Nikamwambia, "Mzee, bluu sikuweka." Hakuniamini, na nilimwelewa.

Jibu linaanzia mwaloni. Fika Kibirizi asubuhi ziwa likiwa limetulia, utazame pale mafuta ya mashine yalipodondoka majini. Utaona waridi, kijani na bluu zikitembea juu ya maji, ingawa mafuta yenyewe hayana hata moja ya rangi hizo. Utando wake ni mwembamba mno. Mwanga ukiupiga, sehemu inarudi kutoka uso wa juu na sehemu inazama kidogo, ikarudi kutoka uso wa chini. Miale hiyo miwili inapokutana, rangi ambayo mawimbi yake yamelingana hupata nguvu, na ile ambayo mawimbi yake yamepishana hufifia. Rangi unayoiona inaamuliwa na unene wa utando.

Unga wangu ni utando huohuo uliosagwa. Kiini chake ni ulanga, yale madini yanayochanika karatasi karatasi. Kila kipande kimevikwa ngozi ya titaniamu dioksidi, kitu kilekile kinachoipa rangi ya ukutani weupe wake. Ngozi ikiwa nyembamba kabisa, unga unang'aa fedha. Ikiongezwa unene inakuja dhahabu, kisha nyekundu, bluu, na kijani mwishoni. Kiwandani wanacheza na unene tu, na unga wangu una unene wa bluu.

Sasa kwa nini cheusi? Ulanga hauzuii mwanga wote. Unarudisha bluu, halafu rangi zilizobaki zinapita na kwenda chini. Zikikuta plastiki nyeusi zinamezwa, jicho linabaki na bluu peke yake. Zikikuta nyeupe zinarudishwa juu, zinaungana tena na bluu, na mchanganyiko wa rangi zote ni weupe. Kwa hiyo hata kwenye chambo cheupe bluu ipo, ila imefunikwa na wenzake.

Samaki walilijua jambo hili kabla yetu. Mng'ao wa fedha wa dagaa mbichi hautokani na rangi. Mwilini mwake mna vipande bapa vya fuwele za guanini, vimepangwa kama kurasa za daftari, navyo vinarudisha mwanga kwa namna hiyohiyo. Ndiyo maana ukimgeuza dagaa aliyetoka kuvuliwa unaona waridi na kijani vikipita ubavuni. Zamani Ufaransa walikuwa wakiparua magamba ya samaki wadogo wa mtoni ili kutengenezea lulu bandia. Mtu anayetia unga huu kwenye chambo anamrudishia samaki kilicho chake.

Lakini kiganja si ziwa, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunachagua rangi iliyotupendeza mezani. Maji hula nyekundu kwanza, halafu chungwa, na bluu ndiyo inayofika mbali zaidi. Tanganyika ina maji maangavu, kwa hiyo unaweza kulijaribu hili ukiwa ndani ya mtumbwi: funga kifuniko chekundu na cheupe kwenye mshipi mmoja, vishushe pamoja. Kwenye mita 5 mwanga umeshuka mita 5 na kupanda nyingine 5 kukufikia, na ile nyekundu iliyowaka mkononi imekuwa kahawia iliyochoka. Kuhe, ndugu mkubwa wa sato na perege, akiwa chini zaidi anaona kitu cheusi tu. Cheusi nacho kina kazi yake, maana samaki anayetazama juu anaona kivuli dhidi ya uso wenye mwanga. Ila usilipie nyekundu ukidhani samaki ataiona nyekundu.

Rangi inayokataa sheria hiyo ni ile ya vizibao vya bodaboda, chungwa kali au njano ya kuchoma macho. Inapokea mwanga wa bluu na kuutoa tena ukiwa chungwa au njano, kwa hiyo bluu ikiwepo kilindini inaendelea kuwaka.

Kwa anayetaka kujaribu, vyambo chakavu vya plastiki laini huyeyuka upya kwenye joto la nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Fanya nje, kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni kamwe. Ukiiunguza plastiki hiyo inatoa moshi wa tindikali unaodhuru mapafu, na tone moja la maji likiingia linairusha usoni. Kama kalibu yako ni ya plasta, ikauke kabisa kwanza.

Mimi siku hizi namimina mara mbili. Mgongo mweusi wenye unga, kisha, mgongo ukiwa bado wa moto, tumbo jeupe. Ukichelewa hadi upoe, pande mbili hazishikani, zinabanduka samaki akiuma mara ya kwanza. Unga uwe kidogo. Ukizidisha, vipande vinajaa juu na kuuzuia mwanga kuingia, chambo kinafanana na ukuta uliopakwa rangi.

Asubuhi moja mimi na mzee tulikishusha chambo hicho pamoja na kifuniko chekundu, yeye ameshika mshipi. Tumbo lilikuwa upande wa chini, hatukuliona. Nyekundu ya kifuniko ilishakufa, na ule mgongo ukawa bado unatupa bluu kila alipoutikisa mshipi. Akauvuta juu, akakitazama tena chambo, akaniomba lile kopo alione.