Peptidi si dawa moja

Hapa Mtwara mjini, na hata kule Lindi, wengi wanaamini kuwa sindano za peptidi ni dawa moja: inayoponya kano iliyochanika ndiyo hiyo hiyo inayopunguza unene. Imani hiyo inaeleweka, maana jina ni moja.

Lakini peptidi ni mnyororo mfupi tu wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Insulini anayojidunga mgonjwa wa kisukari nayo ni peptidi, yenye asidi amino 51, na haiungi kano ya mtu. Semaglutaidi, ile sindano ya kupunguza unene, huiga homoni ya utumbo: hupunguza hamu ya kula na kukifanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi. Imejaribiwa kwa maelfu ya watu. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa kisukari mwaka 2017, kwa kupunguza uzito mwaka 2021. BPC-157, peptidi nyingine inayosifiwa kwa kuponya majeraha kama ya kano, ushahidi wake mwingi umetoka kwa panya. Tofauti hiyo ni kubwa, nami naomba sana isipuuzwe.

Ukiuziwa kichupa, soma lebo: jina la dawa, kiasi, namba ya usajili, tarehe ya kwisha muda. Kilichoandikwa "kwa utafiti tu" hakikutengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Muulize mfamasia kilihifadhiwaje. Joto letu la pwani si rafiki wa dawa hizi.